Alichelewa siku 15: Safari ya askari mlemavu anayekata rufaa Marekani

Mwezi Agosti 2004, bodi ya rufaa za wanajeshi wastaafu iliyoko Washington ilikataa ombi la mzee aitwaye David Henderson. Alilitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea, na tangu 1992 serikali ilimtambua kuwa na ulemavu wa asilimia 100 kwa sababu ya skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu aone anaandamwa. Mwaka 2001 aliomba nyongeza ya fedha ili apate mtu wa kumhudumia nyumbani. Akanyimwa.

Sheria ilimpa siku 120 kufikisha notisi ya rufaa mahakamani. Yeye aliifikisha siku ya 135.

Alijieleza: maradhi yale yale anayolipiwa fidia ndiyo yaliyomchelewesha. Mahakama ikamjibu kwamba siku zikishapita haina tena mamlaka ya kumsikiliza, awe na sababu au asiwe nayo. Faili likafungwa.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu kisa chake kimebeba suala zima. Kwa maandishi, sheria ya Marekani inamwegemea askari mlemavu kuliko inavyomwegemea karibu mdai mwingine yeyote wa serikali. Lakini kati ya sheria hiyo na askari mwenyewe kuna karatasi, kuna tarehe, na kuna sentensi moja ya daktari. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Wala si suala la Wamarekani wa kuzaliwa peke yao. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujiunga na jeshi la nchi hiyo, na vijana wa Kenya waliofika huko kwa bahati nasibu ya viza wamo. Kuanzia 2009 hadi uliposimamishwa 2016, ulikuwapo pia mpango wa MAVNI, ulioandikisha wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwamo. Baadhi ya waliovaa sare miaka ile wameshazivua. Magoti yameanza kulia, masikio yanavuma usiku, na barua kutoka Idara ya Wanajeshi Wastaafu, ile inayoitwa VA, imefika nyumbani: ombi limekataliwa.

Mambo matatu

Fidia ya ulemavu si pensheni ya utumishi wa miaka 20. Ni malipo ya kila mwezi, yasiyokatwa kodi, kwa mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya jeshi, hata kama alitumikia miaka miwili tu. Watu wapatao milioni 6 wanaipokea. Kiwango hupimwa kwa asilimia, kumi kumi, kutoka 0 hadi 100. Kwa viwango vya mwaka 2025, mtu asiye na wategemezi alilipwa dola 175.51 kwa mwezi akiwa na asilimia 10, dola 1,759.19 akiwa na asilimia 70, na dola 3,831.30 akiwa na asilimia 100.

Hesabu yenyewe huwashangaza wengi. Mwenye asilimia 50 ya mgongo na asilimia 30 ya goti hapati 80. Maofisa huanza na 50, kisha huchukua asilimia 30 ya kile kilichobaki, yaani 15. Jumla inakuwa 65, nayo hupandishwa hadi 70.

Ili kulipwa, askari lazima aoneshe mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa hivi, kwamba kuna jambo lilimpata akiwa jeshini, na kwamba hilo la pili ndilo lililozaa hilo la kwanza. La tatu ndilo linaloangusha watu. Daktari anatakiwa aandike kuwa uwezekano wa ugonjwa kutokana na jeshi ni angalau nusu kwa nusu. Akiandika "huenda", hajasema kitu. Akiandika "unaweza kutokana na mambo mengi", ameliua dai.

La pili nalo lina mtego wake, na Waafrika wengi wanauingia wakiwa wamefumba macho. Tumelelewa kuambiwa jikaze. Jeshi nalo linasema hivyo hivyo. Kijana ameteguka kifundo cha mguu mazoezini, anakifunga kitambaa na kuendelea, maana kwenda zahanati ya kambi mara kwa mara kunampa sifa ya uvivu. Miaka 8 baadaye ofisa anafungua faili lake la matibabu, haoni kifundo, haoni kitambaa. Anaandika: hakuna ushahidi kwamba uliumia ukiwa kazini.

> Akiandika "huenda", hajasema kitu. Akiandika "unaweza kutokana na mambo mengi", ameliua dai.

Hata ulemavu wa sasa umewahi kuwa ugomvi. Melba Saunders alikuwa jeshini kuanzia 1987 hadi 1994, na magoti yake yalimuuma. Tatizo ni kwamba aliyempima kwa ajili ya dai lake hakuyapa maumivu hayo jina la ugonjwa. VA ikashikilia kuwa maumivu matupu si ulemavu. Aprili 2018, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema vinginevyo: maumivu yanayompunguzia mtu uwezo wa kufanya kazi ni ulemavu, yawe na jina au yasiwe nalo. Ilikuwa hukumu ya goti la mwanamke mmoja, ila kuna barua nyingi za kukataliwa ambazo zilitegemea hoja iliyoanguka siku hiyo.

Moto wa St. Louis

Kuna wakati karatasi haipo kwa sababu imeungua. Usiku wa Julai 12, 1973, moto ulizuka katika ghorofa ya juu ya ghala la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea, yakiwamo takriban asilimia 80 ya mafaili ya watu wa jeshi la nchi kavu walioachishwa kazi kati ya 1912 na 1960. Hayakuwa na nakala.

Wazee wa vita vya pili vya dunia na wa Korea walijikuta wanaombwa cheti ambacho serikali yenyewe ilikuwa inakihifadhi na kikaungulia mikononi mwake. Mahakama zimesema kuwa katika hali hiyo VA ina wajibu mkubwa zaidi wa kusaidia kutafuta ushahidi na kueleza sababu za uamuzi wake. Ni sawa kabisa. Hata hivyo mzigo wa kwanza ulibaki kwa mzee: kutafuta barua za zamani, picha, na wenzake wa kikosi walio hai bado.

Ndiyo maana maelezo ya mashahidi wa kawaida yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Rafiki wa kikosi aliyekuona ukianguka kutoka kwenye lori anaruhusiwa kuandika. Mke anayejua kuwa tangu urudi hulali anaruhusiwa. Kaka aliyeko Eldoret, aliyekuaga uwanja wa ndege ukiwa mchangamfu na kukupokea miaka minne baadaye ukiwa mtu wa kukaa pembeni na kushtuka mlango unapofungwa, naye anaruhusiwa. Hawezi kuutaja ugonjwa kama daktari, lakini aliyoyaona kwa macho yake ni ushahidi, na ofisa hawezi kuyapuuza eti kwa sababu tu hayako kwenye faili la hospitali.

Kinu cha zamani, milango mitatu ya sasa

Mpaka mwaka 1988, askari aliyekataliwa hakuwa na pa kwenda. VA ilikuwa mwamuzi wa mwisho, na hakuna jaji aliyeruhusiwa kuukagua uamuzi wake. Hata wakili ilikuwa vigumu kumpata: sheria ya tangu enzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1864, ilikataza wakili kulipwa zaidi ya dola 10 kwa dai. Lengo la awali lilikuwa zuri, kuwalinda wajane na wapiganaji dhidi ya walaghai. Lakini dola 10 za 1864 zilibaki dola 10 za 1985, mwaka ambao Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kikomo hicho kiendelee. Miaka mitatu baadaye Bunge likaanzisha mahakama maalumu ya rufaa ya madai ya wanajeshi wastaafu, na Rais Reagan akatia saini.

Mahakama ilipatikana, foleni ikabaki. Kwa miongo mitatu iliyofuata, faili lilitoka ofisi ya mkoa kwenda bodini, likarudishwa mkoani kwa uchunguzi mpya, likapanda tena bodini, likarudishwa tena. Aliyewahi kumwona ngamia wa kinu cha mafuta, anavyozunguka kutwa nzima na jioni akafunguliwa pale pale alipofungwa asubuhi, anaielewa hali hiyo. Watu walikufa rufaa zao zikizunguka.

Sheria mpya ilitiwa saini Agosti 23, 2017 na kuanza kazi Februari 19, 2019. Sasa aliyekataliwa anachagua mlango.

Mlango wa kwanza ni madai ya nyongeza, kwa mtu mwenye ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe: barua ya daktari, maelezo ya shahidi, rekodi iliyopatikana. Kwa maoni yangu huu ndio unaowafaa wengi wa waliokataliwa kwa kukosa uhusiano na jeshi, kwa sababu shimo lao ni la ushahidi, na shimo la ushahidi halizibwi kwa kulalamika.

Wa pili ni mapitio ya ngazi ya juu. Ofisa mwandamizi anasoma faili lile lile upya, bila karatasi hata moja kuongezwa. Unafaa pale ambapo ushahidi ulikuwamo na ofisa wa kwanza hakuusoma, au alitumia kanuni vibaya. Unaweza kuomba mazungumzo ya simu na ofisa huyo, na inafaa kuyaomba.

Wa tatu ni Bodi ya Rufaa, kwa jaji. Huko nako kuna kuchagua: jaji asome faili lilivyo, au upeleke ushahidi zaidi, au usikilizwe ana kwa ana au kwa video. Lengo la VA kwa milango miwili ya kwanza ni wastani wa siku 125. Bodini, jaji akisoma faili lilivyo, lengo ni siku 365, na anayetaka kusikilizwa ajiandae kusubiri zaidi.

> Mwaka mmoja kutoka tarehe ya barua. Nambari hiyo ibandikwe ukutani.

Kitu ambacho barua ya kukataliwa hukisema, ila kwa herufi zilizojaa ukurasa kiasi kwamba macho hupita, ni tarehe. Ukichukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya uamuzi, siku yako ya kwanza ya kudai inabaki hai. Ukishinda baada ya miaka miwili, kwa kawaida unalipwa malimbikizo tangu siku ile ya kwanza. Kwa mtu wa asilimia 70, kwa kiwango cha 2025, miezi 24 ni zaidi ya dola 42,000. Ukiuacha mwaka upite bado unaweza kurudi na ushahidi mpya, lakini kwa kawaida saa inaanza upya na fedha za nyuma zimekwenda. Ukishindwa mlango mmoja unaweza kwenda mwingine, mradi kila mara uwahi ndani ya mwaka. Kutoka bodini kwenda mahakamani, siku ni 120, zile zile za Henderson.

Inaniuma kwamba sharti kubwa kuliko yote linamtaka mgonjwa ahesabu kalenda. Mwenye maradhi ya kiwewe cha vita mara nyingi hafungui barua kabisa. Bahasha ya serikali inakaa mezani wiki, inakaa mwezi, inafunikwa na nyingine. Anayeishi naye nyumba moja aifungue.

Neno lililogeuzwa

Kabla ya kujibu, askari aombe nakala ya faili lake zima. Si anasa. Philip Cushman, askari wa kikosi cha Marine aliyeumia mgongo Vietnam, aliomba alipwe kama mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Katika faili lake kulikuwa na maandishi ya daktari kwamba hali imekuwa mbaya na lazima aache aina ya kazi aliyokuwa akifanya. Nakala iliyotumika kumkatalia ilikuwa imeongezwa maneno: aache kazi hiyo, au angalau asiiname wala kunyanyua vitu. Maneno machache tu, lakini yaligeuza "hawezi" kuwa "anaweza akijihadhari".

Alihangaika kwa miongo kadhaa. Agosti 2009 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kwamba fidia ya ulemavu ni haki ya mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Cushman hakutendewa haki kwa kuamuliwa kwa karatasi iliyochezewa.

Wengi hawatakuta karatasi iliyochezewa. Watakuta vitu vya kawaida zaidi: daktari wa mkataba aliyewapima kwa dakika chache na kuandika goti la kushoto badala ya la kulia, au ripoti inayosema hakuna malalamiko ya mgongo wakati ukurasa wa 212 unayo. Makosa ya namna hiyo hayaonekani kwenye barua ya uamuzi.

Shaka ni ya nani?

Sheria ya Marekani ina kifungu ambacho ningependa kila nchi ingekuwa nacho: ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, askari ndiye anayeshinda. Hatakiwi kuthibitisha kupita shaka. Hatakiwi hata kuizidi serikali. Mizani ikisimama sawa, imwinamie yeye.

Lakini nani atazame kama mizani ilisimama sawa? Hilo ndilo lililofikishwa Mahakama ya Juu na wastaafu wawili, Joshua Bufkin wa jeshi la anga na Norman Thornton wa jeshi la nchi kavu, ambao madai yao yalihusu maradhi ya kiwewe. Walisema Bunge liliiagiza mahakama ya wastaafu ikague yenyewe jinsi VA inavyoitumia kanuni hiyo ya shaka. Serikali ilisema kupima ushahidi ni kazi ya VA, na mahakama iingilie tu pale kosa linapoonekana wazi.

Machi 5, 2025, majaji saba dhidi ya wawili waliikubali hoja ya serikali. Jaji Clarence Thomas aliandika hukumu. Jaji Ketanji Brown Jackson alipinga, akiungwa mkono na Neil Gorsuch, watu wawili ambao si kawaida kuwaona upande mmoja.

Naisoma hukumu hiyo kama onyo la kivitendo. Aliyedhani kuwa mahakama ndiyo itakayosahihisha upimaji mbaya wa ushahidi, ajue mlango huo umebanwa. Vita vya ushahidi viishie chini, ofisini na bodini, kwa barua ya daktari iliyonyooka na mashahidi walioandika waziwazi.

Msaada wa bure, na wanaouza njia

Vyama vya wastaafu kama American Legion, VFW na DAV vina maofisa waliosajiliwa ambao hawatozi kitu. Wakili aliyesajiliwa haruhusiwi kutoza ada kwa dai la kwanza. Anaruhusiwa baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki, ilhali inayozidi theluthi moja huchukuliwa kuwa si ya haki.

Kando yao zimechipuka kampuni zisizosajiliwa. Zinajiita za ushauri, na mara nyingi hutoza mara tano au sita ya nyongeza ya mwezi ambayo askari atapata. Sheria inazikataza, lakini adhabu ya jinai kwa kosa hilo iliondolewa mwaka 2006, basi zinafanya kazi mchana kweupe. Bungeni kuna pande mbili. Upande mmoja unataka adhabu irudi. Mwingine unataka kampuni hizo zisajiliwe na ada ziwekewe kikomo, ukidai kuwa maofisa wa bure hawatoshi na askari ana haki ya kuchagua amlipe nani.

Foleni ni ndefu, hilo ni kweli. Lakini fedha hizo ni za goti la mtu na usingizi wa mtu, na likatwe humo fungu la mtu aliyejaza fomu ambayo chama kingeijaza bure? Siungi mkono.

Tangu Agosti 10, 2022 wameongezeka pia watu wasiohitaji kuthibitisha uhusiano wa ugonjwa na jeshi kabisa. Sheria ya PACT, yenye jina la Sajini Heath Robinson aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020 baada ya kuvuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq, imeorodhesha magonjwa ambayo VA lazima ichukulie kuwa yametokana na utumishi kwa aliyekuwa katika nchi zilizotajwa. Somalia imo. Djibouti imo. Oman imo. Aliyekataliwa kabla ya hapo kwa ugonjwa ulio kwenye orodha ana sababu ya kurudi leo. Na aliyehamia Nairobi au Mombasa asidhani amepoteza haki: fidia humfuata mtu anakoishi, na upo mpango wa VA wa kulipia matibabu nje ya Marekani kwa ulemavu uliokubaliwa.

Jina lililo juu ya hukumu

Henderson alipofikisha shauri lake Mahakama ya Juu, serikali ilishikilia kuwa siku 120 ni ukuta usioguswa. Machi 1, 2011, majaji waliikataa hoja hiyo kwa kauli moja, wote wanane walioshiriki. Jaji Samuel Alito aliandika kuwa Bunge, lililojenga mfumo wa kuwapendelea wastaafu, haliwezi kuwa lilikusudia kuchelewa kumfungie mtu mlango bila kusikilizwa sababu yake. Tangu hapo, mahakama ya wastaafu inaweza kumsikiliza mtu aliyechelewa kwa ugonjwa.

Mzee hakuisikia hukumu. Alifariki Oktoba 2010, wiki chache kabla ya mawakili kusimama mbele ya majaji. Zamani dai la askari lilikufa pamoja naye. Sheria ya 2008 ilibadilisha hilo: mjane, mtoto au mzazi tegemezi anaweza kuomba, ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, aendelee na dai lililokuwa bado linasubiri VA. Na mahakamani pia, familia inaweza kuomba ichukue nafasi ya marehemu.

Jina lililoandikwa juu ya hukumu ile ni la mjane wake, Doretha Henderson.